Kurudia programu ya mazoezi nyumbani baada ya kuacha muda mrefu

Mwanashela: Jamani nilikuwa nafuata programu ya wiki 12 hapa nyumbani Lamu, pushapu, skwati (kuchuchumaa na kusimama) na planki (kukaa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu), nikaacha tangu kabla ya Ramadhani, sasa niendelee pale katikati nilipoachia ama nianze upya?

Kaka wa Langoni: Usirukie katikati ndugu yangu. Rudi wiki ya 2, fanya nusu ya seti, yaani raundi za kila zoezi, manake misuli inarudi haraka lakini kano, zile nyuzi zinazoshika misuli kwenye mfupa, za goti na bega zinachelewa na hapo ndipo watu wanaumia. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida, ila goti likichoma wacha.

Binti Malindi: Na joto hili fanya baada ya swala ya alfajiri, darini kuna upepo.

Mwanashela: Shukran sana, naanza kesho inshallah.