Vifaa vya maabara kwenye mtandao wa taasisi ili vitumiwe kutoka mbali: tuanzie wapi?

Msimamizi_Maabara:

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia maabara ya kemia katika taasisi moja hapa Dar es Salaam na ninaomba ushauri. Tuna kromatografu ya gesi (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizomo kwenye sampuli) inayoendeshwa na kompyuta ya Windows 7, spektrofotomita (ya kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli) yenye mlango wa RS-232 pekee, yaani ule wa zamani wa kebo ya data, na osiloskopu mpya (ya kuonyesha mawimbi ya umeme) yenye tundu la kebo ya mtandao. Wenzetu wa Morogoro na Mbeya hutuma sampuli kwa basi, tunazipokea kituo cha Magufuli pale Mbezi, kisha wao wenyewe hulazimika kuzifuata ili wakae mbele ya mashine wakati wa upimaji. Tungependa wafanye vipimo wakiwa hukohuko kwao. Kitengo cha TEHAMA kimekataa kuunganisha kompyuta ya kromatografu, na programu ya mashine hiyo haikubali mfumo endeshi mpya zaidi. Toleo jipya linauzwa kwa bei ambayo bajeti yetu haiifikii. Je, ipo njia salama, au niachane na wazo hili?

Fundi_Mitandao:

Ndugu mleta mada, usiachane nalo, ila kitengo chenu cha TEHAMA kina haki ya kukataa. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipita katika udhaifu wa huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili na kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote, na hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kompyuta ya mashine isiyosasishwa tena ikiwekwa kwenye mtandao mmoja na ofisi ya uhasibu ni hatari kwa pande zote mbili.

Kompyuta hiyo isiguse mtandao wa taasisi hata kidogo. Tafuteni kompyuta ya pili, hata iwe ndogo, yenye Linux inayosasishwa na kadi mbili za mtandao: moja ielekee kwenye swichi (kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao) ya vifaa vya maabara peke yake, nyingine kwenye mtandao wa taasisi, na mhakikishe kwamba haipitishi mawasiliano moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtafiti wa Mbeya ataingia kwa VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa taasisi kupitia intaneti), atafika kwenye kompyuta hiyo ya lango na ataishia hapo. Mafaili yanayotakiwa kuvuka yavushwe na programu mnayoifahamu. Akitokea mtu wa kuwashauri kufungua mlango kwenye rauta ili mashine ionekane kutoka intaneti, mkatalieni.

Osiloskopu nayo isiaminiwe kwa kuwa ni mpya. Vifaa vingi vya aina hiyo hupokea amri za SCPI (lugha ya kuamuru vifaa vya vipimo) kupitia mlango wa mtandao namba 5025. Ukikipelekea kifaa swali la `*IDN?` kinakujibu jina la mtengenezaji, modeli, namba yake na toleo la programu yake, bila kukuuliza wewe ni nani. Anayeweza kutuma swali hilo anaweza pia kutuma `*RST`, amri ya kurudisha kifaa kwenye mipangilio ya awali, na mipangilio ya mwenzake aliyekuwa katikati ya kipimo ikafutika. Kwa hiyo nayo ikae nyuma ya lango.

Mwalimu_Fizikia:

Ninakubaliana na Fundi, na ningependa kuongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mtandao upeleke ombi na kurudisha majibu, lakini uendeshaji wenyewe ubaki kwenye kompyuta iliyo kando ya mashine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria vilishirikiana na chuo cha MIT cha Marekani katika mradi wa iLabs, wa maabara zinazotumiwa kupitia intaneti, na baadhi ya majaribio ya mradi huo yalipangwa hivyo hasa. Mwanafunzi alijaza vigezo vya jaribio na kuvituma, seva ya maabara ikafanya kipimo kwa wakati wake, kisha ikamrudishia takwimu. Intaneti ikikatika katikati, kipimo kinaendelea hadi mwisho na matokeo yanamsubiri mwenyewe.

Kwa spektrofotomita mnahitaji kigeuzi cha RS-232 kwenda mtandao, au kebo ya kuigeuza iwe USB mkiichomeka kwenye kompyuta ya lango. Someni kwenye kitabu cha kifaa kasi ya mawasiliano na idadi ya biti, kwa sababu kasi zisipolingana mtaona herufi zisizosomeka na kudhani kifaa kimeharibika.

Mama_Maabara:

Mwanangu, wataalamu wameeleza vizuri, nami naongeza ya chumbani. Kromatografu ina gesi na tanuri. Umeme ukikatika, ukarudi, mashine ikaanza kupasha moto wakati gesi bebeshi (inayoisukuma sampuli) haipiti, safu (bomba la ndani linalotenganisha kemikali) inaungua, na hayo mtu wa Mbeya hayaoni. Mtandao hauwezi kusikia harufu wala kufunga valvu ya haidrojeni. Panga mtu awepo kila kipimo kinapoendelea, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kumwomba ruhusa mtafiti wa mbali. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) iwe kwenye mashine, kwenye swichi na kwenye kompyuta ya lango pia, maana wengi husahau hizo mbili za mwisho.

Msimamizi_Maabara:

Shikamoo Mama, na ninawashukuru nyote. Tutaanza na spektrofotomita, kisha osiloskopu; kromatografu itasubiri hadi tupate mtu wa zamu. Swali moja limebaki: kompyuta ya kromatografu ikitengwa hivyo, saa yake itarekebishwaje? Mafaili ya matokeo hupewa majina kwa tarehe na saa.

Fundi_Mitandao:

Kompyuta ya lango ipate saa kutoka kwenye seva ya NTP (ya kusawazisha saa za kompyuta) ya taasisi, kisha yenyewe iwe seva ya NTP kwa vifaa vilivyo nyuma yake. Kwenye Windows 7 andikeni anwani ya lango katika sehemu ya saa ya intaneti, na kwenye kanuni za lango ruhusuni mlango wa UDP namba 123, unaotumiwa na NTP, kutoka upande wa vifaa.