Mkusanyiko upi wa Roy Orbison una rekodi zenyewe za miaka ya 60?

Mwana wa Baharia (Tanga):
Habari zenu wakuu. Mzee wangu alikuwa baharia miaka ya 60, na kati ya vitu alivyorudi navyo kutoka Uingereza ni santuri ndogo za Roy Orbison, yule mwimbaji wa Marekani, zile zenye lebo ya London. Zimekwaruzika, na chombo cha kuzipigia hakina sindano siku nyingi. Nikamtafutia nyimbo zake mtandaoni, nikamwekea kwenye flashi albamu inaitwa *In Dreams: The Greatest Hits*. Akasikiliza "Only the Lonely" hadi katikati, akasema: "Huyu ni yeye, lakini wimbo wenyewe siyo huu." Sikumwelewa, maana maneno ni yale yale.

Sasa nataka kumnunulia mkusanyiko mmoja wa maana, unaoanzia alipoanza hadi alipofariki. Tatizo ipo mingi mno na majina yanafanana. Nichukue upi? Na mzee amesikia nini ambacho mimi sikisikii?

Kijana wa Kisauni:
Ndugu, chukua wowote wenye "Oh, Pretty Woman". Vibao ni vile vile.

Fundi Santuri (Dar):
Kijana wa Kisauni, hapana, si vile vile, na ndiyo maana mzee amekataa. Mwana wa Baharia, mpe shikamoo yangu. Ana masikio huyo.

Albamu uliyomwekea ilitolewa na kampuni ya muziki ya Virgin mwaka 1987. Ni Orbison mwenyewe anaimba, ila alirudi studio akarekodi vibao vyake upya akiwa mtu wa karibu miaka 50. Rekodi za mwanzo, kuanzia 1960 hadi 1964, alizifanyia Monument, lebo ya Fred Foster, na baadaye kampuni hiyo ilifilisika. Lebo mpya isiyomiliki tepu za zamani ikitaka kuuza vibao vile, njia yake ni kumwita mwimbaji aviimbe tena. Wamefanyiwa hivyo waimbaji wengi wa rika lake, na mnunuzi hajui mpaka afike nyumbani.

Sasa alichosikia mzee. "Only the Lonely" ya 1960 ilirekodiwa Nashville na fundi mitambo Bill Porter. Kawaida mafundi huanza na ngoma na besi, kisha sauti zinawekwa juu. Porter aligeuza: alianza na waitikiaji, akawasogeza mbele kabisa karibu na maikrofoni, na ngoma na besi zikaja mwisho, taratibu, kwa nyuma. Kwa hiyo ukiisikiliza rekodi ile, waitikiaji wanakunong'oneza sikioni na Orbison anapaa juu yao peke yake. Mpangilio ule ni nusu ya wimbo. Mtu aliyeusikia ujanani hawezi kudanganywa na ngoma za miaka ya 80.

Halafu sikiliza "Running Scared" ya 1961. Wimbo hauna kiitikio. Unaanza na gitaa na sauti ya chini ya mtu mwenye wasiwasi kwamba mpenzi wake ataondoka na yule wa zamani, ala zinaongezeka ubeti hadi ubeti, na yote hiyo ni dakika mbili na kidogo tu. Noti ya mwisho, ile ya juu kabisa, anaitoa kwa kifua kizima, si kwa sauti nyembamba ya kubana koo. Ulifika namba moja Marekani. Mimi naamini hakuna mwimbaji wa pop wa miaka ile aliyeweza kumaliza wimbo namna hiyo, na nawapenda wengi.

Kwa hiyo, kununua: *The Essential Roy Orbison* ya 2006, CD mbili. Inaanzia enzi za lebo ya Sun kule Memphis na "Ooby Dooby" ya 1956, inapita Monument kwa rekodi zenyewe, inafika hadi "You Got It", kibao kilichotoka 1989 wakati mwenyewe ameshafariki tangu tarehe 6 Desemba 1988. Mfuko ukiruhusu, ipo *The Soul of Rock and Roll* ya 2008: diski 4, nyimbo 107. Hiyo ndiyo safari yake nzima.

Jambo moja linaniuma kwenye mikusanyiko mingi. Wanaruka kutoka 1964 hadi miaka ya 80 kana kwamba katikati alinyamaza. Alihamia lebo ya MGM mwaka 1965. Mwaka 1966 mkewe Claudette alifariki kwa ajali ya pikipiki, na 1968 nyumba yake iliungua ikaua watoto wake wawili wakubwa. Aliendelea kuimba. "Too Soon to Know" ilifika namba 3 Uingereza mwaka ule ule wa 1966, na kama mzee alikuwa bado anatia nanga huko, muulize, huenda anaukumbuka. Kabla ya kulipa, soma orodha ya nyimbo na miaka yake nyuma ya jalada. Nakala nyingine huandika kwa herufi ndogo sana kwamba nyimbo zimerekodiwa upya.

Mama Neema, Nairobi:
Fundi umeeleza vizuri, lakini usimkatie kaka kila kilichorudiwa. "Crying" aliyoimba na mwimbaji wa kike k.d. lang mwaka 1987 ni marudio, ikapata tuzo ya Grammy, na kwangu mimi inasimama bega kwa bega na ile ya 1961. Kaka, mtafutie mzee na onyesho la *Black and White Night*, lilipigwa picha Los Angeles mwaka huo huo. Bruce Springsteen yuko pale kwenye gitaa, k.d. lang yuko kwa waitikiaji, na Orbison amesimama tuli na miwani yake myeusi, haruki, haonyeshi mikono. Anaimba tu.

Fundi Santuri (Dar):
Kwa "Crying" ile nakubali, Mama Neema.

Mwana wa Baharia (Tanga):
Asanteni sana. Shemeji yangu yuko Muscat, nimemwomba aagize ile ya 2006 na aje nayo akirudi. Mzee anasema "Too Soon to Know" anaujua, na "It's Over" nao aliununua, ila santuri yake ilivunjika. Hizi zilizobaki nizifanyeje?

Fundi Santuri (Dar):
Usizitupe. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, na lebo ya karatasi isilowe. Zikauke kivulini. Kwenye sindano uwe mwangalifu: hizo ni za mizunguko 45 kwa dakika, mifereji yake ni myembamba. Sindano nene ya santuri za zamani za mizunguko 78 itazichimba. Nipigie picha kichwa cha hicho chombo kwa karibu, nikwambie aina gani utafute.