Tupeane uzoefu: data iliyopandana tabaka kwa tabaka, mnaiandikiaje Python inayosomeka?

mpwani_amu
Salaam alaikum wenzangu. Nashughulikia taarifa za samaki wanaoteremshwa Matondoni, Faza na Kizingitini, vijiji vya huku Lamu. Faili la JSON (maandishi ya data yenye majina na thamani zake) lina vijiji, ndani ya kijiji vyombo, ndani ya chombo aina za samaki na kilo. Aliyenitangulia aliandika mstari mmoja wenye `for` tatu na `if` mbili. Ulifanya kazi, ila ukitaka jumla kwa aina badala ya kijiji, ni kuanza upya. Nimetenga kutembea ndani ya data na kupiga hesabu:

```
from collections import Counter  # kamusi ya kujumlisha

def safu(data):
    for kijiji, vyombo in data.items():
        for chombo, samaki in vyombo.items():
            for aina, kilo in samaki.items():
                yield kijiji, chombo, aina, kilo

jumla = Counter()
for _, _, aina, kilo in safu(data):
    jumla[aina] += kilo
```

Sasa kila swali jipya ni mistari mitatu ya chini tu. Leteni yenu.

dada_wa_malindi
Kaka, hapo umenena. Mimi nina data ya nyumba za wageni: nyumba, vyumba, malipo ya kila usiku. Kilichoniokoa ni majina. `x[0][2]` haimwambii msomaji kitu. Tumia `dataclass`, yaani njia fupi ya kuunda kitu chenye sehemu zilizopewa majina; ipo tangu Python 3.7 ya mwaka 2018. Ukiandika `m.kilo` kila mtu anaelewa, na ukisoma jina lisilokuwepo programu inasimama palepale.

fundi_mokowe
Nakubali, ila msiifukuze `for` ya ndani ya mabano. Ikiwa moja, inasomeka vizuri kabisa:

`{aina: kilo * bei[aina] for aina, kilo in samaki.items()}`

Ikifika ya pili, naigawa.

Ninalolipinga kwa nguvu ni mnyororo wa `.get("faza", {}).get(chombo, {})`, ambao jina likikosekana hurudisha `{}`, kamusi tupu. Unanyamazisha kosa. Wakati wa kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo hukaa pwani, kwa hiyo sifuri ni taarifa ya kweli. Kijiji kisicholeta taarifa ni jambo jingine kabisa. Kwa mnyororo ule vyote viwili vinatoka kamusi tupu, na mtu atapanga bajeti akidhani Faza hawakuvua. Mimi naandika `data["faza"]` wazi. Kama hakuna, `KeyError` (kosa la jina lisilopatikana) ije, tumpigie simu mwenye daftari.

mwanafunzi_shela
Wanaotumia `itertools.groupby` kukusanya data kwa makundi: pangeni kwanza kwa `sorted`, kwa ufunguo uleule. Inakusanya vinavyofuatana tu. Samaki aina ya changu akitokea juu na chini ya orodha, mtapata makundi mawili ya changu.

dada_wa_malindi
Na kama kina cha tabaka hakijulikani, funksheni ijiite yenyewe, na `yield from` ipitishe matokeo ya ndani. Kikomo cha kawaida cha kujiita ni 1000, data zetu hazikifikii.

mpwani_amu
Shukrani fundi. Nimeweka orodha ya vijiji vinavyotarajiwa, na `safu` haianzi mpaka ijue kipi hakijaleta. Mwenye data ya shule au zahanati, naye atuonyeshe yake.