Mafuta ya karafuu ni dawa ya dengue? Tujadiliane, watu wa Mombasa

Binti Kisauni

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna kijana amelala na homa. Macho yamuuma kwa ndani, viungo vyote vyamuuma. Alipimwa malaria, haikuonekana. Mamake kaletewa kichupa cha mafuta ya karafuu, kaambiwa ampe kijiko cha chai kutwa mara mbili, kwa kuwa "wanasayansi wamethibitisha yaua virusi vya dengue". Mimi nilikizuia kile kijiko, na tangu siku hiyo mtaa umegawanyika. Basi nauliza mbele ya wote: yafaa mafuta haya kuuzwa kama dawa ya kunywa ya dengue na chikungunya, homa hizi za virusi ziletwazo na mbu? Nasema hayafai.

Wanaosema kuna utafiti hawasemi uongo. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Colombia walichapisha matokeo ya mafuta ya mimea ya kunukia ya jamii ya Lippia dhidi ya virusi vya dengue na vya homa ya manjano. Kemikali za mafuta ya kunukia kama timoli, karvakroli, na sitrali iliyomo kwenye mchaichai, nazo zimejaribiwa. Virusi hivi vina utando wa mafuta, na mafuta ya kunukia yaweza kuuvuruga utando huo, virusi vikashindwa kujishikiza kwenye seli.

Lakini hayo yalitokea kwenye vyombo vya maabara, na mara nyingi nguvu huonekana virusi vinapochanganywa na mafuta kabla havijagusa seli. Mgonjwa wa siku ya tatu virusi vimo mwilini kitambo. Na ukiongeza kipimo ili viishe, seli nazo zaanza kufa. Tena anayekunywa, mafuta yapita tumboni, ini layavunja, na kinachofika kwenye damu si kile kilichokuwa maabara.

Linalonikosesha usingizi ni karafuu yenyewe. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni eujenoli, na eujenoli huzuia chembe sahani kushikana ili damu igande. Dengue nayo huzipunguza chembe hizo hizo! Ndiyo sababu mgonjwa wa dengue hukatazwa aspirini na ibuprofeni. Ini pia huguswa na dengue, na wako watoto waliokunywa mafuta ya karafuu ini likaharibika, wengine wakapata degedege. Sisemi karafuu za pilau wala za chai. Nasema mafuta yaliyokamuliwa yakakolea, ambayo kijiko kimoja chake ni karafuu nyingi mno.

Mzee wa Marikiti

Binti yangu, salaam. Nauza mitishamba tangu hujazaliwa. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Dawa ya malaria mnayoisifu leo imetoka kwenye majani ya Wachina, na mama aliyeitoa, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Kila siku mwatudharau, kisha mwazichukua dawa zetu mkazitia kwenye vidonge. Na niambie, hiyo hospitali ina dawa gani ya dengue? Panadoli na maji! Mwaka 2013 dengue ilipoingia Mombasa, na chikungunya mwisho wa 2017, watu walikuja kwetu kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda.

Binti Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Sikudharau, na hilo la dawa kukosekana ni kweli. Ila Tu Youyou hakuwapa watu majani akaishia hapo. Alitafuta namna ya kuitoa dawa iliyomo bila kuiunguza kwa moto, akajaribu kwa wanyama, akanywa yeye mwenyewe na wenzake kabla ya mgonjwa. Mafuta yetu hayajaipita njia hiyo, na ningefurahi watafiti wetu wa Pwani wapewe fedha waipitie.

Kuhusu panadoli na maji: kinachookoa hospitalini ni kuangaliwa. Homa ya dengue hushuka yenyewe kati ya siku ya tatu na ya saba, na saa hizo ndizo za hatari. Tumbo likikaza kwa maumivu, mgonjwa akitapika bila kukoma, ufizi ukitoa damu, mkimbizeni. Sasa fikiria mama aliyempa mtoto mafuta ya kichupa. Homa imeshuka, asema karafuu imefanya kazi, mtoto abaki nyumbani siku ileile aliyopaswa kupelekwa.

Mama wa Likoni

Mie si wa kunywa, nataka kupaka. Nina mtoto wa mwaka mmoja na mbu wamemla. Mchaichai vipi?

Binti Kisauni

Dada, harufu ya mchaichai hufukuza mbu kwa muda mfupi tu, kisha hupotea. Ile dawa itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya ndimu hudumu zaidi, lakini haipakwi mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Wako mvishe mikono mirefu, na umlaze ndani ya neti hata mchana, kwa maana mbu wa dengue huuma mchana. Hutaga kwenye pipa la maji lililo wazi, na mayai hukaa makavu miezi. Sisi tunaoweka maji siku nzima kwa kuwa mfereji hautoki, tufunike mapipa na kuyasugua kando kila wiki. Hapo ndipo mimea hii ingenifurahisha zaidi, kwa kuwa mafuta kadhaa, ya karafuu yakiwamo, huua viluwiluwi vya mbu.

Mzee wa Marikiti

La pipa nakubali. Na neno "dengue" nitalitoa kwenye karatasi ya kichupa. Karafuu siachi kuuza.

Binti Kisauni

Ahsante sana, mzee wangu. Uza, hata mimi nitanunua ya jino. Lakini na yale maneno "kijiko cha chai kutwa mara mbili"? Hayo ndiyo yaliyonileta hapa.