Kitabu cha Mormoni: naufuataje mstari mmoja kutoka toleo la leo hadi miswada ya 1829?

mdadisi_wa_dini aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naandaa makala ya darasani kuhusu maandiko ya Wamormoni wa mwanzo na nimekwama kwenye historia ya maandishi yenyewe. Upande mmoja unadai kitabu kimebadilishwa mara maelfu, upande wa pili unasema ni tahajia na nukta tu. Nataka nichukue mstari mmoja mmoja, nirudi nao hadi kwenye karatasi za mwanzo, niamue kwa kuona. Tovuti ya Joseph Smith Papers, inayoweka nyaraka za Joseph Smith mwanzilishi wa dini hiyo, ninayo, picha za miswada zinafunguka vizuri, ila sijui nianze na upi wala nitambueje sahihisho la lini. Nasoma kwa Kiswahili, nikilinganisha na Kiingereza. Wanaoijua kazi hii naomba mnielekeze.

WinoNaKaratasi alijibu:

Karibu mkuu. Kabla hujafungua picha yoyote, fahamu kwamba miswada ni miwili na haina hadhi sawa.

Wa kwanza ni mswada wa awali: Joseph Smith anasema kwa mdomo, mwandishi anaandika. Sehemu kubwa iliandikwa na Oliver Cowdery, kuanzia tarehe 7 Aprili 1829 kule Harmony, Pennsylvania, na kazi ikamalizikia nyumbani kwa Peter Whitmer, Fayette, New York, karibu na mwisho wa Juni. Wa pili ni mswada wa mchapaji, yaani nakala ya ule wa kwanza iliyonakiliwa na Cowdery na wenzake ili ndiyo ipelekwe kiwandani kwa E. B. Grandin, Palmyra. Walikuwa na sababu nzito ya kutotoa ule wa awali nje: kurasa 116 zilizotangulia zilipotea mikononi mwa Martin Harris mwaka 1828, na hazikuonekana tena.

Mswada wa awali ndio ulioteseka. Tarehe 2 Oktoba 1841 uliwekwa ndani ya jiwe la pembeni la Nauvoo House, Illinois. Lewis Bidamon, mume wa pili wa Emma Smith, mjane wa Joseph, alipoutoa mwaka 1882, maji na ukungu vilikuwa vimeshaula. Leo imebaki takriban asilimia 28, na haikugawanyika sawasawa. Vipande vizuri viko 1 Nefi, na kuanzia Alma 22 hadi Helamani 3 (haya ni majina ya vitabu vidogo vilivyo ndani yake). Ukitafuta Mosia humo utapoteza siku yako bure. Mswada wa mchapaji karibu wote upo, kurasa 464. Ulikaa kwa Cowdery, ukaenda kwa David Whitmer, mwaka 1903 ukanunuliwa na kanisa ambalo leo linaitwa Community of Christ, na mwaka 2017 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho likaununua kwa dola milioni 35.

Sasa kazi yenyewe. Shika mstari wako, kwanza tafuta uko sura ya ngapi katika toleo la 1830. Watu wengi hukwama hapa siku ya kwanza. Toleo la 1830 lina sura 114, la leo lina 239, na namba za mistari hazikuwepo kabisa. Sura fupi na mistari tunayoijua ni kazi ya Orson Pratt katika toleo la 1879. Kwa hiyo 1 Nefi yenye sura 22 leo, kule ina sura 7 tu. Ukishaupata, angalia kama mswada wa awali umesalia mahali hapo. Kama upo, anza nao. Kama haupo, mswada wa mchapaji ndio shahidi wako wa kwanza, na hapo soma neno lililokatwa kabla ya kusoma kilichoandikwa juu ya mstari. Ndipo uje 1830, kisha 1837, kisha 1840.

Kuna sehemu moja inayowaponza hata wazoefu. Kuanzia Helamani 13 hadi mwisho wa Mormoni, kile kitabu kidogo cha ndani chenye jina hilo, takriban moja ya sita ya maandishi yote, wachapaji walipanga herufi kutoka mswada wa awali wenyewe. Hapo toleo la 1830 si mtoto wa mswada wa mchapaji. Ni ndugu yake, wote wawili wamezaliwa na mswada wa awali. Vikikubaliana, unajua ule wa awali ulisemaje hata kama karatasi yake imeoza. Vikitofautiana, huna ruhusa ya kusema moja kwa moja kwamba mchapaji ndiye aliyekosea.

Na mabishano yoyote yanayotegemea mkato au nukta yaache. Miswada karibu haina alama za uandishi. Aliyeziweka ni John H. Gilbert, mpangaji herufi wa Grandin, na alama zake za penseli bado zinaonekana kwenye mswada wa mchapaji.

BintiMaktaba alijibu:

Naongezea hapo kwa WinoNaKaratasi, maana mdadisi ameuliza namna ya kutambua sahihisho. Jizoeze kutenganisha kosa la sikio na kosa la jicho. Kosa la sikio huzaliwa wakati wa kuandikiwa kwa imla, kwa hiyo linakaa kwenye mswada wa awali. Kosa la jicho huzaliwa wakati wa kunakili, kwa hiyo utalikuta kwenye mswada wa mchapaji au kwenye chapa.

Mfano wa sikio: Helamani 1:15. Mwandishi ameandika Coriantummer, akalikata, kisha akaandika Coriantumr palepale kwenye mstari uleule. Sahihisho halikubanwa juu ya mstari, limefuata mbele ya neno lililokatwa, maana yake lilifanyika kabla hajaendelea. Na mwisho ule wa herufi m na r bila irabu huwezi kuusikia kwa kutamkwa. Royal Skousen, aliyeanza mradi wake wa matini ya kitabu hiki mwaka 1988, anaona hapa jina lilitajwa herufi kwa herufi. Ukiamini kitabu kilitoka wapi ni suala lako na imani yako; lakini kwamba maneno yalipita mdomoni na sikioni kabla ya kufika kwenye karatasi, hilo limeandikwa pale waziwazi.

Mfano wa jicho ni Alma 39:13, na huu nakusihi uufungue ukiukuze picha mpaka mwisho. Alma anamwambia mwanawe Koriantoni arudi kwa watu aliowakosea, akubali makosa yake. Mswada wa awali una neno "repair", arekebishe ubaya alioutenda. Matone ya wino yamedondokea juu ya neno hilo, na Cowdery alipokuwa ananakili akalisoma "retain", yaani aushikilie ubaya huo. Toleo la 1830 likachapa hivyo, baba anamwagiza mwanawe aendelee kuushika ubaya wake! Wahariri wa 1920 waliona maana haisimami, wakaliondoa neno lote. Kwa hiyo matoleo ya leo yanamtaka Koriantoni akubali makosa na ubaya wake, na agizo la kuurekebisha halimo tena. Tone la wino la 1829 limeondoa fundisho zima la kufidia kosa katika mstari huo, bila mtu yeyote kukusudia.

Mwingine wa aina hiyohiyo ni 1 Nefi 12:18. Mswada wa awali una "sword", upanga wa haki ya Mungu wa Milele. Kwenye kunakili herufi ya kwanza ikadondoka, likabaki "word", na tangu hapo matoleo yamesema neno la haki. Upanga wa haki ya Mungu unatokea sehemu nyingine za kitabu, kwa hiyo usomaji wa awali una msaada wa nje pia.

Ukienda kwenye manukuu ya tovuti, soma kwanza ukurasa wa alama zao. Maneno yaliyokatwa, yaliyoongezwa juu ya mstari na yaliyoandikwa juu ya mengine yana alama tofauti, na ukiyachanganya utampa Joseph Smith sahihisho la Cowdery, au kinyume chake.

mdadisi_wa_dini aliandika:

Asanteni sana, nimefungua Alma 39 nikaliona neno lenyewe. Swali la pili. Mifano hiyo ni ya bahati mbaya. Yale yanayogusa mafundisho je? Nina mawili mezani: "mama wa Mungu" kwenye 1 Nefi 11:18, na 2 Nefi 30:6 kuhusu watu kuwa "weupe" au "safi". Hayo nayo ni ya wino?

Mzee wa Matoleo alijibu:

Hapana kijana wangu, hayo ni uhariri wa makusudi, na yana njia yake ya kuyafuata.

Toleo la 1837, la Kirtland, Ohio, ndilo lenye uhariri mwingi kuliko yote. Joseph Smith alipitia maandishi na masahihisho mengi ya maandalizi hayo yamo juu ya mistari ya mswada wa mchapaji. Mengi ni ya sarufi ya Kiingereza, hasa kirejeshi "which" kugeuzwa "who" pale panapotajwa watu. Hilo peke yake limejirudia mara nyingi mno, na ndilo linalovimbisha hesabu za maelfu unazozisikia. Kwa hiyo mtu akikutajia idadi, muulize kwanza amehesabu nini.

Lakini 1 Nefi 11:18 si sarufi. Toleo la 1830 linasema bikira ni mama wa Mungu kwa jinsi ya mwili. La 1837 linasema mama wa Mwana wa Mungu. Uende pia 11:21, 11:32 na 13:40, kumeongezwa maneno hayohayo ya "Mwana wa". Wapo wanaosema hii ni dalili kwamba mafundisho yake juu ya Uungu yalikuwa yamebadilika kati ya 1830 na 1837. Wengine wanasema alikuwa anafafanua tu ni nani anayetajwa. Kabla hujachagua, fungua Mosia 15:1-4 na Alma 11:38-39. Pale Mwana na Baba wametajwa kwa namna ya karibu zaidi kuliko 1 Nefi 11, na hapakuguswa. Mimi naona hilo linaidhoofisha sana hoja ya kwamba kulikuwa na mpango wa kufuta mafundisho ya zamani, japo anayeyaita mabadiliko manne hayo kuwa ni ya lugha tu naye anajidanganya.

Sasa 2 Nefi 30:6. Mswada wa awali hapo haukusalia. Mswada wa mchapaji na toleo la 1830 vina "white", weupe. Toleo la 1840, ambalo huitwa la Nauvoo ingawa lilichapwa Cincinnati, likaweka "pure", safi. Kisha neno hilo likapotea kwa zaidi ya karne moja, na wengi wanadhani mtu alilirudisha la zamani kwa hila. Sababu ni ya kichapaji. Toleo la Liverpool la 1841 lilitengenezwa kutoka lile la 1837, na matoleo ya kanisa la Utah, yaani la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yakafuata njia hiyo ya Uingereza. Sahihisho la 1840 halikuwemo kwenye njia hiyo hata kidogo. Lilirudishwa mwaka 1981. Kwa hiyo kwenye makala yako useme yote mawili: usomaji wa kale zaidi ni "weupe", na "safi" ni uhariri wa 1840, wakati Joseph Smith mwenyewe yu hai. Ukitaja moja ukaacha lingine utakuwa umemdanganya msomaji.

Angalia pia Mosia 21:28. Mwanzoni lilikuwepo jina la mfalme Benyamini, wakati habari ya kifo chake iko Mosia 6:5. Toleo la 1837 likaweka Mosia. Kosa pacha la Etheri 4:1 lilisubiri hadi 1849.

WinoNaKaratasi alijibu:

Mzee umemaliza. Nidokeze moja la mpangilio, kwa sababu linabadilisha namna ya kusoma kila kitu: usidhani 1 Nefi ndiyo iliyoandikwa kwanza mwaka 1829. Watafiti wengi wanakubali kwamba baada ya kurasa 116 kupotea, kazi iliendelea mbele kutoka Mosia hadi Moroni, na 1 Nefi hadi Maneno ya Mormoni zikaja mwisho, Fayette. Angalia ushahidi kwenye mswada wa mchapaji: sura ya kwanza ya Mosia iliandikwa kwanza kama sura ya III, ndipo ikapunguzwa kuwa I. Kitabu hicho pia kinaanza ghafla, hakina utangulizi kama ule wa Alma au Helamani, na inaelekea sura zake za mwanzo zilikwenda na zile kurasa zilizopotea. Hata kiunganishi kinasaidia: kuanzia Mosia "therefore" ndilo linalotawala, karibu na mwisho "wherefore" inashika nafasi, na 1 Nefi inaendelea na hiyohiyo.

BintiMaktaba alijibu:

Na tahadhari ya vyanzo, mdadisi. Makala yoyote ya kati ya 1980 na 1986 ichunguze tanbihi zake. Mark Hofmann alikuwa anaghushi nyaraka za Wamormoni wa mwanzo na kuwauzia wakusanyaji na taasisi, wataalamu wakazinukuu kwa nia njema. Barua inayodaiwa ya Martin Harris ya 1830, yenye habari ya salamanda, ni ya kwake. Mabomu yake ya Oktoba 1985 mjini Salt Lake City yaliua watu wawili, na Januari 1987 alikiri mahakamani. Uzuri ni kwamba miswada miwili tunayoizungumza haina shaka hiyo, mnyororo wa waliokuwa nayo unajulikana.

Kama makala yako itagusa na Mafundisho na Maagano, kitabu chao cha mafunuo, njia ni ileile. Chukua sehemu ya 8, ufunuo kwa Cowdery wa Aprili 1829. Leo inamtajia karama ya Haruni. Kitabu cha Amri cha 1833, mkusanyo wa mafunuo uliokitangulia, kina karama ya kufanya kazi kwa fimbo, na kitabu kilichoandikwa kwa mkono kabla yake kina chipukizi, kabla Sidney Rigdon, msaidizi wa Joseph Smith, hajalikata na kuweka fimbo. Toleo hilo la 1833 halikukamilika: tarehe 20 Julai kundi la watu lilivunja kiwanda cha W. W. Phelps kule Independence, Missouri, zikiwa zimechapwa kurasa 160 tu. Kwa hiyo nakala zilizopo zinakatikia njiani.

mdadisi_wa_dini aliandika:

La mwisho wakuu: kwenye tanbihi nitaje toleo lipi? Na nakala yoyote ya 1830 inafaa?

Mzee wa Matoleo alijibu:

Taja sura na mstari wa leo ili msomaji aupate, kisha ukurasa wa 1830, kisha ukurasa wa mswada. Kuhusu nakala za 1830, angalia: Grandin alichapa 5,000, na makosa yalikuwa yanasahihishwa mashine ikiendelea, lakini karatasi zilizokwishatoka na kosa hazikutupwa, zilijalidiwa pamoja na nyingine. Ndiyo maana nakala mbili za mwaka uleule zinaweza kutofautiana kwenye ukurasa mmoja. Andika umetumia nakala ya maktaba gani. Kwa Kiswahili tumia maneno ya toleo la kanisa unapolinukuu la leo, na tafsiri zako za miswada ziwekee alama kwamba ni zako.