Wauza "wikendi ya kisiwani" hapa Mwanza ni wezi, 760,000 kwa masaa saba ya kukaa mchangani!!

Wakuu salamu. Naandika hasira zikiwa bado za moto maana zikipoa nitaanza kuwaonea huruma na hawastahili. Hawa jamaa wanaouza ofa za "wikendi kisiwani, siku 2 usiku 1, kuanzia 150,000 kwa kichwa", matangazo wanayamwaga kwenye magrupu ya WhatsApp kila ikifika katikati ya wiki, wanatuibia mchana kweupe na sisi tunawapigia picha za kuwatangazia bure. Kambi siitaji, na kisiwa sikitaji pia, maana nikikitaja tu wa Mwanza wote mtajua ni ya nani. Ila biashara yenyewe mnaijua, siku hizi kila mwenye hema tatu na sabufa anajiita kambi ya utalii.

Bei ilivyokuwa. Tulikwenda mimi, mama watoto na watoto wetu wawili, watoto wanalipiwa nusu, kwahiyo kwa tangazo lao ni laki nne na nusu. Nikasema poa, shule zimefungwa, hela ya mchezo imetoka, mama watoto amekuwa akiona picha za wenzake kila siku. Nikalipa yote kwa simu, wakanitumia risiti yenye picha ya mnazi. Mnazi! Ziwa Victoria!

Sasa tumefika mwaloni (pale boti zinapopakia watu) asubuhi, mabegi yako chini, watoto wameshavaa kofia, ndio anakuja dada mmoja na daftari ananiambia "bosi, hela ya boti haimo kwenye kifurushi". Haimo kivipi? Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote we dada, mlitegemea tufike na bajaji? Elfu arobaini kila mtu kwenda na kurudi, na hapo kwenye boti mtoto hana nusu bei, eti kiti ni kiti, wakati mdogo nimempakata mwanzo wa safari hadi mwisho. Laki na sitini ikatoka. Na huwezi kukataa kwasababu ile laki nne na nusu hairudi, wameiandika hiyo chini kabisa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Kisiwani nako kumbe kuna "mchango wa mazingira", elfu kumi kila kichwa, arobaini hiyo, na hayo mazingira yenyewe chupa za plastiki zimejaa kwenye matete. Chakula kimo, ndio, wali maharage na kabichi. Samaki ni wa kuagiza, sato mmoja elfu thelathini, tukachukua wawili. Wavuvi wanapita na mitumbwi mbele yetu tunawaona kwa macho, nikamwita mmoja aniuzie, mara msimamizi huyo mbio, "mzee hairuhusiwi kuingiza chakula kutoka nje". Nje wapi sasa, ziwani? Usiku kuni za kuota moto elfu ishirini. Maji ya chupa na soda za watoto kama elfu thelathini. Jumlisha mwenyewe, 760,000, na hapo sijaweka bajaji za kwenda mwaloni na kurudi.

Hela inauma ila kilichonichefua zaidi ni hizo "siku mbili". Siku mbili za nani? Tumeambiwa saa mbili asubuhi tuwe mwaloni, boti imeondoka saa tano kwasababu wanasubiri ijae, wanaitana kama daladala ya Igoma. Tumetia nanga saa sita na nusu. Vyumba havijasafishwa, mizigo ikakaa chini ya mti, chakula kikaja saa nane, funguo tumepewa saa tisa. Kuanzia hapo ndio unaweza kusema umepumzika, saa moja jioni giza. Kesho yake mmeamka saa moja, saa nne wanagonga mlango, tokeni tunafanya usafi, boti iko tayari. Boti yenyewe ikakaa tena pale kusubiri upepo upungue, sisi tumekaa juu ya mabegi na laifu jaketi shingoni. Masaa manne jana, masaa matatu leo, saba! Gawa 760,000 kwa saba uone, ni zaidi ya laki moja kwa saa, na sehemu kubwa ya hizo saa nimeshinda namzuia mtoto asiingie kwenye maji yenye majani.

Nimzuie kwasababu gani? Kichocho wakuu. Tangazo linasema "ogelea kwenye maji safi ya ziwa", watu wa Dar wanakuja wanaruka na boksa. Sisi tuliokulia huku tunajua konokono wa kichocho wanapenda wapi, pale pembeni kwenye maji yaliyotulia na matete, na ndipo hapohapo walipoweka bembea na ubao wa "sehemu ya kuogelea". Hawana hata kibao cha onyo. Dawa ipo, prazikwanteli inajulikana, lakini basi mtu aambiwe aende akapime baadae, sio anarudi kwao Mbagala anaanza kuumwa tumbo na kuona damu chooni hajui imetokea wapi.

Turudi kwenye boti maana hapa ndipo kwenye siri ya biashara nzima. Shemeji yangu ni fundi wa mashine za boti pale Kirumba, nimempigia nikamweleza, Yamaha moja ya HP 40, boti ya mbao, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, watu kama ishirini na mizigo. Shemeji akacheka sana. Akaniambia ile mashine hata uikanyage mpaka mwisho haitakula zaidi ya lita ishirini kwa saa, kwahiyo safari nzima weka lita sitini, na petroli hata ukiihesabu elfu tatu kwa lita (bei kikomo si EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mtu anaweza kuangalia) unapata laki na themanini. Ongeza posho ya nahodha na vijana wake, ongeza oili, ongeza na uchakavu. Sisi tumelipa 40,000 mara ishirini, laki nane. Hiyo boti ndio inayowalipa, hema ni geresha tu!

Na kwa laki nane hizo laifu jaketi za watoto hakuna. Zipo za watu wazima, chafu, moja haina kamba, wamemvalisha mwanangu wa miaka mitano jaketi la mtu wa kilo themanini, akiingia majini linabaki juu lenyewe mtoto anapitia chini. Nimeuliza, kijana ananijibu "usijali baba, hapa karibu tu". Karibu? MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 ilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, watu wa nchi kavu wanaiona, kivuko cha uwezo wa watu 101 na waliokufa wakapita 220. Meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996 nayo ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika hapa Mwanza, makaburi yako Igoma nendeni mkayaone. Mtu wa mji huu hatakiwi kabisa kutamka neno "karibu tu" akiwa ndani ya boti. Ukaguzi wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, kwahiyo mtu unao uhuru wa kumwambia mwenye boti nionyeshe cheti chako na umebeba watu wangapi, akinuna shuka, bora hela ipotee.

Sasa kuna jamaa zangu watatu wameniuliza kama waende na familia, kwahiyo niwajibu hapa wote kwa pamoja. Kisiwa ni kizuri, sina ugomvi na kisiwa. Watoto walifurahi, jua likizama pale nyuma ya miamba hata mimi nilinyamaza kidogo. Tatizo ni huo usiku mmoja. Boti inakula mafuta yaleyale ulale usiku mmoja ulale wiki, kile kiti chako cha elfu arobaini hakibadiliki, kusubiri kujaa hakubadiliki, siku ya kwanza inaliwa na kwenda na ya mwisho inaliwa na kurudi. Ukilala usiku mmoja gharama zote hizo zinaangukia kwenye masaa saba. Ukilala nne angalau zinasambaa na katikati unapata siku kamili tatu. Wenyewe wanalijua hilo, ndiomana hawakuuzii usiku nne, wanataka boti ijae kila Jumamosi na kila Jumapili, vichwa vipya, elfu arobaini mpya.

Kwahiyo ama nenda kwa siku moja urudi ulale kwako, ama nenda ukakae. Hapo katikati ndio panapoliwa hela.

Ya siku moja kisiwa cha Saanane kipo palepale Capri Point, dakika chache za boti. Najua mtasema ni kadogo, ndio ni kadogo, kilomita za mraba 2.18, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, ilianza kama bustani ya wanyama 1964 ikaja kuwa hifadhi 2013. Lakini pundamilia wapo, swala wapo, pimbi wanaota jua kwenye mawe, simba yuko kwenye banda lake, unapanda juu ya miamba mji mzima unauona. Mtanzania analipa kiingilio cha Mtanzania, unapewa namba ya malipo ya serikali na risiti inaeleweka, hakuna dada wa daftari. Jioni unakula samaki wako kwa bei ya mjini unalala kitandani kwako.

Ya kukaa ni kisiwa cha Ukerewe, na wala huhitaji kifurushi cha mtu. Kivuko cha kwenda Nansio kipo hapa mjini, nauli kwenda na kurudi ni ndogo kuliko ile elfu arobaini, au zunguka na gari Magu, Lamadi, Bunda mpaka Kisorya uvuke Rugezi. Nyumba za wageni zipo Nansio, baiskeli unakodi, machungwa mpaka uyachoke, jumba la watemi wa Wakerewe lipo pale Bukindo, kilima cha Handebezyo unapanda unaangalia ziwa lote, ukiwa na siku ya ziada unavuka Ukara kwenye jiwe linalocheza. Hapo ndio siku tatu nne zinajaa na bado hela inabaki. Hifadhi ya kisiwa cha Rubondo sijaisahau, ile ni habari nyingine, sokwe walioletwa miaka ya 1966 hadi 1969, tembo, twiga, nzohe (swala wa kwenye majimaji), na tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025 hakuna tena kulala foleni ya kivuko, unanyoosha Sengerema, Geita mpaka Nkome unachukua boti. Lakini huko usiende kwa usiku mmoja jamani, barabara ndefu halafu boti juu yake, utafika umechoka uanze kufungasha. Rubondo jichangeni watu nane kumi, boti mgawane, mkae.

Na nyie wenye kambi najua mmo humu mnasoma. Andikeni bei moja yenye boti ndani. Andikeni saa ya kuondoka na muondoke saa hiyohiyo hata boti iwe na watu sita. Nunueni laifu jaketi za watoto, na huo ubao wa kuogelea utoeni kwenye matete.

NYONGEZA: Naona mdau mmoja hapo chini anasema "kama huna hela baki nyumbani, starehe haina hesabu". Mkuu, 760,000 nimeitoa na nimeimaliza, hesabu nafanya kwasababu ni yangu. Ingekuwa ya kwako nisingepiga hesabu.

Mwingine ameuliza mbona nisiwadai. Nimewadai. Nimepiga simu, wakanipa "punguzo la asilimia kumi safari ijayo". Safari ijayo!! Nimewaandikia nataka laki na sitini ya boti irudi maana haikuwepo kwenye tangazo, na tangazo nimelihifadhi. Mpaka naandika hapa tiki ni za bluu na hakuna jibu.

Kuna aliyesema mke wangu ndio wa kulaumiwa kwa kupenda picha, naomba tuheshimiane, mama watoto ndiye aliyeona kwanza jaketi halina kamba na ndiye aliyegoma kupanda boti mpaka wakatafuta jingine.

Mwenye kujua nyumba ya wageni safi Nansio, ya familia, yenye neti na maji ya uhakika, anipe bei ya usiku na jina PM, nataka twende Desemba tukakae. Wenye boti zao msinifuate PM.