Kuuinua mji wa Wete, Pemba: soko jipya, bandari, watalii au kusarifu mazao?

BintiWete:
Assalaam alaikum jamani. Nauliza kwa uchungu, mji huu naupenda. Njia ya kushukia bandarini fremu nyingi zimefungwa, na vijana wanahamia Unguja na Dar. Mabarazani nasikia mapendekezo manne: soko kubwa la kisasa, bandari, watalii, au kusarifu mazao, yaani kuyageuza bidhaa, hapa hapa. Ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu, nyinyi mungeanza na kipi?

Mpemba_Dar:
Soko. Tazameni soko la Darajani kule mjini Unguja lilivyobadilika.

MchumaKarafuu:
Ndugu yangu, Darajani huenda watu wa Unguja nzima. Wete ukijenga fremu mpya bila ya wanunuzi, nazo zitafungwa. Fedha ya huku ni ya karafuu, na karafuu tunaziuza ZSTC tu, shirika la biashara la serikali. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Ikizaa, mabati yananunuliwa, harusi zinafungwa, kila duka lina watu. Isipozaa, muuzaji anakaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mji unataka mshahara wa kila mwezi kwanza, soko litafuata.

MtuWaMkoani:
Kuhusu bandari tusikilizeni sisi tunaoishi nayo. Boti ikifunga gati Mkoani, wapagazi, mama ntilie na bodaboda wote wana kazi. Baada ya muda mfupi abiria wameshapanda gari za Chake na hawakununua hata maji. Bandari ya Wete itengenezwe, majahazi yanaitegemea, lakini isitarajiwe kuufufua mji peke yake.

Na watalii ndivyo hivyo hivyo: mgeni anatua uwanja wa ndege wa Chake, anachukuliwa mpaka hoteli ya Makangale huko kaskazini ya kisiwa, Wete anaiona kwa dirisha la gari.

MamaMwani:
Wanangu, mimi nipo upande wa kusarifu, na nitasema kwa nini.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wengi wetu ni wanawake. Tunafunga kamba, tunavuna, tunaanika, tunajaza magunia, gari linachukua. Kilo nzima ya spinosum kavu, aina ya mwani tunayolima zaidi, haifikii bei ya kipande kimoja cha sabuni ya mwani kwenye duka la watalii. Aina nyengine, cottonii, ina bei nzuri zaidi, lakini bahari ikipata joto hufa. Wenzetu wa Paje, Unguja, wameshaonesha kwamba sabuni na mafuta ya mwani yanatengenezwa na wanawake wenyewe.

Sasa najua Chamanangwe, nje ya mji, kumetengwa eneo la viwanda. Mitambo mikubwa ikae huko, sina neno. Lakini kusaga kidogo kidogo, kukata sabuni, kufungasha, kutia lebo, kupeleka sampuli ZBS (taasisi ya viwango), hizo ni kazi zisizo na moshi wala kelele. Ziingie kwenye hizo fremu tupu za mjini. Mtu akifanya kazi mjini, chai anainywa mjini, viatu vya mtoto wa skuli ananunua mjini. Ukimpeleka nje ya mji, na matumizi yake yanakwenda huko huko.

Mpemba_Dar:
Nimekuelewa, mama. Lakini kodi? Wenye fremu wengi wanaishi mbali na wanataka kodi ya mwaka mzima mbele.

FundiChake:
Hapo ndipo Baraza la Mji liingie kati. Libebe dhamana, mwenye fremu akubali kodi ya mwezi kwa miaka mitatu ya mwanzo, kikundi kikarabati mlango na umeme. Huku Chake tunacho kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi, mafuta yanatoka, lakini chupa ndogo ya kumuuzia mgeni anayepita sokoni ni tabu kuipata. Kazi ya kujaza chupa ingetosha kuajiri vijana kadhaa.

BintiWete:
Mama, kikundi chenu kimesajiliwa? Hapa karibu na soko kuna fremu mbili zilizoungana, mwenyewe namfahamu na yupo Wete. Nikamuulize leo baada ya alasiri?

MamaMwani:
Kimesajiliwa. Muulize na kama maji yanafika, sabuni haitengenezwi bila ya maji.